Uwanja Ulioinama: Mazungumzo Kuhusu Programu za Kutabiri Mbio za Farasi

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vikundi vya wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa Katoro, mkoani Geita, kisha yakarudiwa Kahama, mkoani Shinyanga. Yanachapwa kama yalivyosemwa, isipokuwa tumefupisha salamu na kuondoa mambo yanayoweza kumtambulisha mlalamikaji.

Ndugu wenyeviti wa vikundi, akina mama wa mialo na wa vibanda vya chakula, vijana wa maduara, mwangaluka.

Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda likawashangaza wazee waliopo hapa, nalo ni mbio za farasi. Katika ukanda huu wote, kuanzia Mwadui hadi Nyarugusu, hakuna uwanja wa farasi. Mnyama wetu wa mzigo ni punda, wa jembe ni maksai, na chombo cha kushindania mbio ni baiskeli. Hata hivyo farasi wamefika. Wanakimbia ukutani, katika skrini za maduka ya kubeti, kila baada ya dakika chache, tangu asubuhi hadi usiku. Nyuma yao wamefika watu wengine ambao hawana duka wala ubao, bali wanauza kwa njia ya simu programu za kutabiri farasi atakayeshinda. Hao wa nyuma ndio waliotuleta.

Miezi michache iliyopita alikuja ofisini kwetu ndugu mmoja aliyekuwa katibu wa kikundi cha duara katika mkoa huu. Alikuwa na madaftari mawili. Alitueleza kwamba alinunua programu kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, na muuzaji alimhakikishia kuwa programu hiyo "imerekebishwa kwa upendeleo wa uwanja". Kwa wiki tisa aliitumia. Alianza na fedha zake, akamaliza. Akaingia katika fedha ya kikundi iliyowekwa kwa ajili ya mafuta ya pampu. Mvua zikanyesha, pampu ikakosa mafuta, duara likajaa maji, na wenzake kumi na mmoja wakakaa bila kazi. Tulidhani amekuja kudai arejeshewe fedha. Hakudai. Alifungua madaftari mezani akauliza: "Nioneshe kosa langu la hesabu liko wapi, maana mimi kila mbio nimeiandika."

Swali lake lilikuwa zuri kuliko malalamiko mengi tunayoyapokea, na kwa idhini yake tunalijibu leo mbele yenu. Jibu lake si fupi, kwa sababu jambo aliloambiwa na muuzaji halikuwa uongo mtupu. Upendeleo wa uwanja upo kweli duniani. Wataalamu huurekebisha kweli kwa kompyuta. Uongo ulikuwa mahali pengine, nasi hatuna budi kuufuata hatua kwa hatua hadi tuufikie.

Tuanze na farasi wenye kwato. Kwa Afrika Mashariki, uwanja ambao mtu wa hapa anaweza kupanda basi akauone ni ule wa Ngong, jijini Nairobi, unaosimamiwa na Jockey Club ya Kenya. Ulifunguliwa mwaka 1954. Kabla yake mbio zilikuwa upande wa pili wa jiji, karibu na Kariokor, na ndiyo maana barabara ya upande ule huitwa Racecourse hadi leo ingawa farasi walikwisha kuhama. (Jina Kariokor, kwa faida ya vijana, lina asili moja na Kariakoo ya Dar es Salaam: kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia.) Huko Ngong farasi hupangwa katika vizimba vya kuanzia, hufunguliwa kwa pamoja, huzunguka, na anayefika kwanza ndiye mshindi. Katika mbio nyingi farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi ili wanyonge wapate nafasi. Kazi ya kukadiria nani ana nguvu kiasi gani, na uzito au bei yake iwe ipi, ni kazi ya kale, na siku hizi watu wengi huifanya kwa programu za kompyuta.

Programu ya namna hiyo huanza na muda. Farasi fulani alikimbia mita 1,200 kwa sekunde 73.4, mwingine kwa sekunde 72.9. Yupi ni hodari? Asiyejua atasema wa pili. Lakini ikiwa wa kwanza alikimbia siku ya tope na wa pili siku ya jua, jibu laweza kugeuka. Ndiyo sababu wataalamu hutafuta kwanza muda wa kawaida wa kila umbali na kila daraja la farasi, kisha huuliza: siku hiyo uwanja mzima ulichelewesha kiasi gani? Tuchukue mfano wa kubuni. Siku moja kulikuwa na mbio nne za mita 1,200, na washindi walizidi muda wa kawaida wa madaraja yao kwa sekunde 1.2, 0.8, 1.0 na 1.0. Wastani ni sekunde 1.0. Si rahisi farasi wa mbio zote nne wawe wavivu kwa pamoja. Uwanja ndio uliokuwa mzito. Basi farasi wa sekunde 73.4 hupunguziwa sekunde moja, akaandikwa 72.4, na sasa ndiye anayeonekana hodari. Mwandishi wa Marekani aitwaye Andrew Beyer aliieneza njia hii kwa kitabu chake *Picking Winners* cha mwaka 1975, na tangu mwaka 1992 gazeti la Daily Racing Form huchapa namba zake za kasi.

Wachimbaji mnalifahamu jambo hili kwa jina jingine. Mizani ya mnunuzi ikipunguza gramu 0.2 kila mara, bila kukosa, ubaya wake unarekebishika: utaongeza gramu 0.2 kwa kila kipimo na utapata ukweli, huku ukisubiri Wakala wa Vipimo waje kuikagua. Kinachotakiwa ni kwamba kosa liwe na tabia moja. Kosa lenye tabia ni kama deni linalojulikana. Mizani ambayo leo inazidisha na kesho inapunguza bila mpango haina marekebisho; hata uwe na kompyuta ya bei gani, huwezi.

Lipo tena kosa la ndani zaidi, na hilo ndilo hasa linaloitwa upendeleo wa uwanja. Hapa uwanja hauwacheleweshi farasi wote sawasawa, bali huwasaidia baadhi na kuwaumiza wengine. Tusidhani kuwa kuna mtu aliyependelea. Ni ardhi yenyewe. Upande wa ndani, karibu na uzio, huenda umekanyagwa mno na mbio za wiki iliyopita. Au umekauka mapema kuliko upande wa nje. Au upepo unavuma usoni kwa anayetangulia na kumwacha anayefuata nyuma akipumzika. Walioshuhudia mbio za baiskeli katika barabara zetu za vumbi wanajua: penye njia ngumu iliyoshindiliwa na magurudumu ya malori, anayeipata mapema huteleza, na anayesukumwa kwenye mchanga hupalilia. Huwezi kuwapima wawili hao kwa nani aliyefika kwanza peke yake.

Mfano mashuhuri ni uwanja wa Chester, huko Uingereza. Mzunguko wake ni wa karibu maili moja tu, na farasi anakuwa katika kona karibu muda wote. Aliyetoka kizimba cha ndani husafiri njia fupi. Wa nje husafiri ndefu. Katika mbio za umbali mfupi jambo hilo linajulikana hata kwa watoto wa mji ule. Huko Hong Kong, katika viwanja vya Sha Tin na Happy Valley, uzio wa ndani huhamishwa mara kwa mara ili nyasi zilizochoka zipumzike, na kila mahali unapowekwa hupewa jina, A, B, C na kadhalika, kwa sababu kila mahali huwa na tabia yake.

Sasa mtengenezaji wa programu afanyeje? Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa ndipo ndugu yetu katibu alipokosea kwa mara ya kwanza, ingawa kosa hili dogo silo lililomzamisha. Njia ya haraka ni kuhesabu ushindi wa kila kizimba. Kizimba cha kwanza kimeshinda mara nyingi, basi kipewe alama za nyongeza. Lakini je, waliotoka kizimba hicho walikuwa farasi gani? Ikiwa kwa bahati walikuwa wale hodari ambao kila mtu aliwatarajia, kizimba hakikufanya lolote. Kipimo cha haki ni kulinganisha ushindi uliopatikana na ushindi uliotarajiwa kutokana na odi, yaani kima ambacho soko liliahidi kulipa. Farasi wa odi ndogo hutarajiwa kushinda mara nyingi. Wa odi kubwa mara chache. Ziada juu ya matarajio hayo ndiyo inayoweza kuitwa upendeleo.

Tunasema "inayoweza", kwa maana kuna mtego wa sampuli chache. Tuseme siku moja ya mbio 8, vizimba vitatu vya ndani vilitarajiwa kutoa washindi 3, vikatoa 5. Mtu atapiga makofi: uwanja umeinama ndani! Tumefanya hesabu. Hata pasipo upendeleo wowote, washindi 5 au zaidi wangetokea kwa uwezekano wa karibu asilimia 14, yaani karibu siku moja katika kila siku saba. Atakayerekebisha programu yake kwa ushahidi wa siku ile atakuwa amerekebisha kelele. Ninyi hamwezi kulipia karasha na kukodi vijana kumi kwa sababu ya jiwe moja lililong'aa mdomoni mwa duara. Mnachukua sampuli mahali pengi, juu na chini, kushoto na kulia, mnatwanga, mnaosha, ndipo mnasema mwamba una kitu. Programu ya uaminifu hufanya hivyohivyo. Ikiwa na ushahidi mchache, marekebisho yake huwa madogo, na huyaongeza polepole kadiri mbio zinavyorundikana. Katika Hong Kong zipo mbio zaidi ya 800 kila msimu, na kumbukumbu zake zimeandikwa kwa uangalifu. Ngong zipo chache mno kulinganisha na hizo. Kwa hiyo hata mtaalamu mwaminifu angeweza kusema machache tu juu ya Ngong.

Kuna sehemu ya pili ya kazi ambayo wauzaji hawaitaji kabisa. Upendeleo ukishajulikana na watu wote, hauna faida tena, kwa sababu umekwisha kuingia katika odi. Farasi wa kizimba cha ndani kule Chester hulipa kidogo, kwa kuwa kila mtu anamtaka. Bill Benter, Mmarekani aliyejipatia utajiri mkubwa kwa kompyuta katika mbio za Hong Kong, alieleza katika makala yake ya mwaka 1994 kwamba programu yake haikutegemea hesabu zake pekee. Aliziunganisha na makadirio yaliyomo ndani ya odi za umma, kwa sababu umma ulijua mambo ambayo kompyuta haikuyajua. Ilimchukua yeye na wenzake miaka ya kukusanya kumbukumbu, pamoja na mtaji mkubwa, kushinda makato ya klabu ambayo yalikuwa zaidi ya asilimia 15 ya fedha zote zilizowekwa. Na hakuwa akiuza utabiri wake kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye kisima chenye maji baridi hana haja ya kutembeza ndoo mtaani. Hilo ni wazo letu tu, si hesabu.

Basi turudi kwenye madaftari.

Tulikaa na ndugu katibu siku mbili. Hesabu zake zilikuwa safi, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika mifuko ya mawe na majina ya wenye hisa. Aliandika kila mbio, namba ya mshindi, na hali ya uwanja. Tukamwuliza: hali ya uwanja uliipata wapi? Akajibu kwamba programu ilimtaka achague: mkavu, laini, au tope. Skrini ilipoonesha mawingu na mvua, alichagua tope. Tukamwuliza tena: uwanja huo uko mji gani? Akanyamaza kidogo, akasema, "Hawakuutaja."

Ndugu zetu, farasi wa skrini hawana kwato, na uwanja wao hauna udongo. Mshindi huchaguliwa na mtambo wa namba nasibu. Mtambo ukishachagua, picha huchorwa au huteuliwa ili zilingane na matokeo. Yule farasi mweusi anayekuja kwa kasi kutoka nyuma na kuwafanya vijana wasimame kwenye viti hakuja kutoka popote. Mvua mnayoiona ni pambo. Mbio ya saa nne na dakika tano haikumbuki lolote la mbio ya saa nne kamili, na uzio wa ndani haukuchakaa kwa sababu haukuwahi kukanyagwa. Kwa hiyo programu inayodai kurekebisha upendeleo wa uwanja huo ni sawa na fundi anayekutoza fedha kunyoosha ukuta uliochorwa kwenye karatasi.

Lakini alikuwa na hoja, na ni haki tuieleze. Katika daftari lake farasi namba 1 alikuwa ameshinda mara nyingi kuliko namba 6, waziwazi. "Huu si upendeleo?" aliuliza. Tukamwomba atafute tiketi zake za zamani, kwa bahati alikuwa amezitunza ndani ya mfuko wa sukari, tukaandika odi pembeni ya kila mshindi. Hapo jambo likajieleza. Katika nyingi ya mbio zile namba 1 ndiye aliyekuwa na odi ndogo kuliko wote. Mtambo wa nasibu hauwapi farasi wote nafasi sawa. Huwapa nafasi kulingana na odi zao. Anayelipa kidogo hushinda mara nyingi, anayelipa sana hushinda mara chache. Upendeleo aliouona ulikuwepo, ila ulikuwa umeshapangiwa bei kabla hajatia mkono mfukoni. Alikuwa ananunua kwa bei kamili kitu alichodhani amekiokota.

Na bei yenyewe ilikuwa imezidishwa. Tafadhali mwenye kalamu aandike. Tuseme mbio ya farasi sita ina odi hizi: 2.80, 4.20, 5.00, 6.50, 8.00 na 11.00. Gawanya 1 kwa kila odi, kisha jumlisha. Utapata 0.357, 0.238, 0.200, 0.154, 0.125 na 0.091, na jumla yake ni karibu 1.165. Kama mchezo ungekuwa sawa kwa sawa, jumla ingekuwa 1 kamili. Hiyo 0.165 iliyozidi ndiyo chakula cha mwenye mchezo. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa, zinazorudi kwa wachezaji kwa wastani ni kama 858, na 142 hubaki. Odi hizi ni mfano wetu. Nendeni dukani, chukueni tiketi yoyote, fanyeni hesabu hiyohiyo kwa kikokotoo cha simu. Hamtahitaji kununua programu kwa ajili hiyo.

Kitu kinachowaangamiza watu si zile shilingi 142. Mtu anaweza kusema, naam, nimelipia burudani. Kinachoangamiza ni kasi. Mbio za Ngong hukimbiwa siku chache, na kati ya mbio moja na nyingine mtu hunywa chai. Mbio za skrini haziishi. Mtu akiingia na shilingi 20,000, akaziweka zote, na kile kinachorudi akakiweka chote tena, baada ya mizunguko kumi wastani wa kinachobaki ni karibu shilingi 4,300. Mizunguko kumi hiyo hutimia kabla chapati hazijapoa. Kati yao wapo watakaotoka na kitita, nao ndio watakaosimuliwa mtaani. Waliotoka mikono mitupu hurudi kambini kimya. Kodi ya ushindi, pale inapotozwa, hukatwa tena kwa huyo aliyeshinda.

Ndugu katibu alituuliza swali la mwisho, ambalo lilimsumbua kuliko yote: kama programu ni bure, mbona wiki ya kwanza ilipatia mara tatu mfululizo? Alikuwa bado hajalipa. Muuzaji alimtumia utabiri wa majaribio, mbio tatu, zote sahihi. Tukamchorea hivi. Muuzaji ana namba za simu 648. Anazigawa makundi sita, kila kundi analitumia farasi tofauti. Watu 108 wamepata utabiri sahihi, wengine anawasahau. Wale 108 anawagawa tena makundi sita, wanabaki 18. Anawagawa tena, wanabaki 3. Watu hao watatu wameona kwa macho yao utabiri sahihi mara tatu mfululizo, na hakuna atakayewashawishi kuwa ni bahati. Hatuna ushahidi kwamba muuzaji huyu alifanya hivyo. Tunasema tu kwamba mara tatu mfululizo haihitaji elimu yoyote ya farasi; inahitaji orodha ya simu. Alikaa akiitazama karatasi ile kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

Atakayeletewa programu ya namna hii, iwe ya farasi, ya mbwa au ya mpira wa miguu, aombe vitu viwili kabla ya kulipa. Aombe kumbukumbu ya utabiri wote, si wa ushindi pekee, ulioandikwa kabla ya mbio na ukiwa na odi zake, kwa mbio zisizopungua mia kadhaa. Na aulize kama mbio hizo ndizo zilizotumika kuitengeneza programu yenyewe. Maana kutabiri mbio uliyokwisha kuiona ni sawa na kubashiri mwamba baada ya kuuchimba. Kisha ajumlishe mwenyewe: kila mara shilingi 1,000, zimerudi ngapi? Mwenye bidhaa ya kweli hatakasirika. Mpaka leo hatujakutana na muuzaji aliyetoa kumbukumbu hiyo.

Kwa upande wa sheria tutasema kwa ufupi. Michezo ya kubahatisha nchini husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa Sheria ya mwaka 2003, na duka lolote la kubeti linapaswa kuwa na leseni. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mzazi anayemtuma mtoto apeleke mkeka anamwingiza matatani pamoja na mwenye duka. Lakini leseni ya duka haimlindi yule anayeuza utabiri pembeni. Madai yake ya uongo kwa mnunuzi yanaguswa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta na simu unaguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwa namba 15040. Msifute ujumbe wa muamala, wala mazungumzo yenu na muuzaji, hata yakiwaaibisha. Bila hayo polisi hawana pa kuanzia. Wengi hufuta kwa aibu siku ileile waliyotambua, nasi tunapoteza kesi.

Wenyeviti wengine wametuomba tuwaambie mtu kama katibu huyu afanywe nini. Hilo si letu kuamua. Tunaweza kueleza tu walivyoamua wenzake, nao wamekubali tuseme. Walikaa kikao kirefu. Wawili walitaka afukuzwe. Mzee mmoja aliuliza nani kati yao aliyewahi kuomba kuona daftari la fedha tangu mwaka uanze, na hakuna aliyejibu. Wakakubaliana kwamba atalipa kutokana na mgawo wake wa mawe, nusu kila awamu, na fedha ya pampu itolewe kwa idhini ya watu wawili. Walikopa mafuta kwa jirani. Maji yalichukua siku sita kukauka, na tulipopita wiki iliyopita tulikuta kamba ikishuka tena.

Siku hiyohiyo alituonesha simu yake. Muuzaji alikuwa amemwandikia: toleo jipya limetoka, limerekebishwa zaidi, ni shilingi 80,000, lakini kwa mteja wa zamani 60,000. Alikuwa hajalijibu wala kulifuta. Tuliupeleka 15040 pamoja naye, akiwa amesimama kando ya karasha, na kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba ilibidi tumwandikie namba kwenye kiganja.

Sasa tutapokea maswali. Waliokuja na tiketi au ujumbe wa miamala wakae upande huu wa mlangoni, tuwaone mmoja mmoja. Mwenye jambo asilotaka lisikike mbele za watu atatukuta chini ya mwembe hadi saa kumi.